Kushoto kwa Anayetazama

Mteja yeyote aliyetaka kochi la kona alisomewa sheria kabla ya kutajiwa bei. Fundi aliweka chini bunduki ya pini, akapangusa vumbi la sponji kwenye nyusi, akamsimamisha mteja mbele ya kochi lolote lililokuwepo karakanani. "Usilikalie. Litazame. Kochi halina kushoto kwake, kushoto ni kwa anayetazama. Tumeelewana?" Mteja akiitikia, Fundi aliandika kwenye daftari la oda, kwenye safu iliyochapishwa UPANDE: KSH, yaani kushoto. Au KLA, kulia. Miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea upande, na alijisifu kwa hilo mpaka watu walimkimbia.

Mkewe alikaa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona vifuniko vya mito. Naye alipiga chaki zake kwenye kitambaa kwa sheria hiyo hiyo, bila kuuliza. Ukiolewa na fundi makochi unaolewa na kushoto kwake, alikuwa anasema, na wateja walipocheka yeye hakucheka, maana alikuwa na pini mdomoni.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ukuta wa karakana, vyumba vitatu, na humo ndani hakuna kona iliyobaki na makali. Meza, fremu za milango, sinki, hata ngazi ya simenti ya uani, vyote vilivikwa sponji na ngozi bandia vikapigwa pini. Mjomba, kaka yake mke, alisema hiyo ndiyo nyumba pekee duniani ambayo mtu akigombana na mkewe akajitupa ukutani, anarudishwa alipotoka. Walicheka sana siku ile. Ilikuwa zamani, wakati mtu akisema neno la kuchekesha humo ndani bado wanacheka.

Sponji zote hizo zilikuwa za Kitinda. Kitinda alikuwa mtoto wao wa mwisho, jina lilitoka hapo, na alikuwa na miaka kumi na tisa. Kifafa kilimwanza akiwa na saba. Mwanzoni kilikuja mara moja kwa mwezi, kama mgeni mwenye haya. Baadaye kikahamia kabisa na virago vyake. Wiki mbaya kilimwangusha mara kumi na nne.

Na mtu huzoea, jamani. Hilo ndilo baya kuliko yote na hakuna anayekuambia mapema. Miaka ya kwanza kila mtu alipiga kelele. Majirani walijaa mlangoni, huyu analeta kijiko cha kumtia mdomoni, yule kitunguu cha kunusa, mwingine anaonya watu wasiguse mate ya mtoto wataambukizwa, upuuzi mtupu. Mwaka wa kumi na mbili hakuna aliyepiga kelele. Kitinda alisema, "Nasikia gundi inaungua," maana harufu hiyo ilimjia yeye peke yake sekunde chache kabla, na kila mtu akaenda kwenye nafasi yake. Mama alipiga magoti nyuma ya kichwa, akamlaza ubavu, kisha akafumba macho, kwa sababu kushika aliweza ila kutazama hakuweza. Fundi alivuta kigoda akaketi mbele ya mwanawe, uso kwa uso, daftari gotini na saa mkononi.

Daftari lenyewe lilikuwa la oda. Daktari wa kwanza aliposema waandike kila kitu, Fundi alichukua lililokuwa karibu. Alikata neno KITAMBAA akaandika DAKIKA. Alikata BEI akaandika AMEUMIA. TAREHE ilibaki tarehe. UPANDE nao ulibaki upande, kwa kuwa kila mara kifafa kilianzia mkono mmoja: kidole gumba kinaruka, kisha kiganja, kisha kiwiko, ndipo mwili mzima unafuata. Fundi alitazama, akaandika KSH. Mkono ukitulia alifunga daftari, akarudi kupiga pini.

Kitinda mwenyewe hakujua kitu. Akizinduka, ulimi mzito, alikuwa na swali moja tu.

"Kimeanzia wapi?"

"Kushoto, mama," Fundi alimjibu.

Basi Kitinda akauchukia mkono wake wa kushoto. Hakusema, aliuficha tu. Aliukalia akiwa kwenye kochi, akauviringisha kwenye mtandio akitoka nje, hakuushikisha kikombe wala sindano. Kazi zote alizipa mkono wa kulia. Baba yake ndiye aliyemwambia, "Tumia huo, huo ndio mzima." Mkono wa kulia ukawa unakufa ganzi kila baada ya kuanguka, nusu saa nzima haushiki hata kijiko, wakasema maskini, umechoka, unafanya kazi ya miwili. Na siku alipomwagikiwa na maji ya moto akaungua kuanzia paja mpaka goti, kisufuria alikuwa amekishika kwa huo huo mkono mzima. Fundi aliandika kwenye AMEUMIA: paja. Hakuongeza neno, safu ilikuwa nyembamba.

Dawa zilishindwa. Walianza na aina moja, wakaja mbili, wakaja tatu. Zilimnenepesha, zikampukutisha nywele, zikamlaza mchana kutwa, na kifafa wala hakikushtuka. Mwisho wakafikishwa kwa daktari bingwa wa ubongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na huyo akawaambia kuna upasuaji. Kama kifafa kinatoka sehemu moja tu ya ubongo, na kama sehemu hiyo inaweza kuondolewa bila kumharibia mtu kusema na kutembea, anaikata, na wengi hupona.

"Wengi," alirudia. "Siyo wote."

Akawaambia pia jambo ambalo hawakuwahi kuambiwa na mtu, kwamba kifafa cha namna hii siku moja kinaweza kuondoka naye akiwa usingizini. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka litafungwa mapema. Waliporudi nyumbani alihamisha godoro lake chumbani kwa Kitinda.

Gharama daktari aliiandika kwenye karatasi, akaisukuma mezani bila kuitaja kwa mdomo. Walikuwa na kiwanja, cha kujengea uzeeni. Wakakiuza. Mjomba akauza pikipiki yake, akawa anaenda kazini kwa miguu na kuwaambia watu ni agizo la daktari, apunguze kitambi. Pesa ikatimia. Ikatimia kweli, siyo hadithi, na siku hiyo Mama alikaa kwenye cherehani akashona kifuniko kimoja mara mbili bila kujitambua.

Ila kwanza vipimo. Picha ya kichwa ilionyesha kovu dogo upande wa kushoto wa ubongo, hafifu, la kukodolea macho. Wakambandika vijiwaya juu ya ngozi ya kichwa, wakamlaza siku tatu mbele ya kamera, wasubiri aanguke waone. Loh! Kifafa kikagoma. Siku tatu Kitinda alikaa kitandani salama salimini, anakula na kulala, anauliza saa. Siku waliyomruhusu alianguka mara mbili kabla hawajafika getini. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka.

"Basi itabidi niwategemee ninyi," alisema daktari. "Kinaanzia mkono upi?"

"Kushoto," alisema Fundi.

"Kushoto," alisema Mama.

"Wanasema kushoto," alisema Kitinda.

Fundi akatoa madaftari, manne, yamefungwa kwa uzi wa kushonea ngozi. Daktari aliyafunua kurasa kwa kurasa. Alisema hajawahi kuona mgonjwa aliyeandikwa hivi, hata wauguzi wake hawaandiki hivi. Fundi alivimba kichwa, tuseme ukweli. KSH, KSH, KSH, miaka kumi na miwili, hakuna KLA hata moja.

Hapo ndipo daktari akavua miwani. Akawaeleza polepole kwamba ubongo na mikono vimepishana: upande wa kushoto wa ubongo unaendesha mkono wa kulia, na wa kulia unaendesha mkono wa kushoto. Picha inasema tatizo liko kushoto. Mkono, kwa maelezo yao, unasema liko kulia.

"Na haya madaftari yanasema hivyo zaidi ya mara elfu," alisema. "Siwezi kufungua kichwa cha mtu kwa kubahatisha."

Ilibidi nyaya ziingizwe ndani, zikae kwenye ubongo wenyewe wiki nzima mpaka zikinase kifafa kikiwa kazini. Kilikuwa kipimo, lakini kipimo cha kutobolewa fuvu, na bei yake ingekula zaidi ya nusu ya walichokuwa nacho.

Ungefanyaje? Walilipa. Fundi alisimama kwenye dirisha la malipo bila kuhisi kitu, si hasira wala huzuni. Alichokiona tu ni kwamba kalamu ya pale dirishani imefungwa kwa kamba ya kiatu, na kamba ni fupi, anayeandika kwa mkono wa pili hafiki.

Nyaya zilikaa siku saba. Wazazi waliruhusiwa kukaa naye saa moja tu kila jioni, na katika saa hizo kifafa hakikuja hata mara moja, lakini walipoondoka kilikuja, mara tano. Siku ya nane daktari aliwaita.

"Ni kushoto. Pale pale kwenye kovu, na panakatika. Hii ni habari njema." Akamgeukia Fundi. "Ila kwenye kamera mkono unaoanza ni wa kulia. Mara zote tano."

"Kwetu ni kushoto siku zote," alisema Fundi, na alisema kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeambiwa kochi lake limepinda.

"Huenda kimebadilika," alisema daktari, akayaacha hapo.

Nyaya zikatolewa, kichwa kikashonwa. Pesa iliyobaki haikutosha upasuaji, wala haikukaribia. Daktari aliahidi kwamba majibu yale yatakaa miaka miwili. Wakipata pesa ndani ya muda huo atapasua bila kurudia kipimo, na baada ya hapo, hawezi kuahidi. Walimrudisha Kitinda nyumbani na kichwa kimenyolewa, na kesho yake asubuhi alianguka akipiga mswaki.

Mama, aliyekuwa kimya miezi yote hiyo, akapata la kusema. "Wezi wale! Picha ilishasema kushoto, na bado wakatoboa. Wanakupima mpaka pesa iishe, ikishaisha ndipo wanajua unaumwa nini!" Alimwambia muuza duka, akamwambia jirani, akawaambia wateja waliokuja kuchagua rangi ya kitambaa. Fundi alimwacha. Naye aliamini hivyo hivyo, na kuamini hivyo kulikuwa na unafuu wake.

Mwezi mmoja baadaye alipeleka kochi la kona kwa Mwalimu Mkuu. Walimwita hivyo ingawa alishastaafu, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hata mbwa wake alikaa wima. Fundi na mpagazi walilipanga kochi sebuleni, Mwalimu Mkuu akalikalia, akatazama huku na huku.

"Fundi, nilisema sehemu ndefu iwe kushoto."

"Iko kushoto, mwalimu."

"Kushoto kwa nani? Mimi nimekaa hapa. Iko kulia kwangu."

Fundi akaanza wimbo wake. Kochi halina kushoto kwake, kushoto ni kwa anayetazama, nilikuambia pale karakanani ukaitikia, nimeandika.

"Baba," alisema Mwalimu Mkuu, hakupandisha sauti hata kidogo, "nimesimama mbele ya watoto miaka thelathini na minne. Ukitaka wainue mkono wa kulia, wewe uliye mbele yao unainua wa kushoto, la sivyo darasa zima linakosea. Kwa nini? Kwa sababu mmetazamana. Kulia kwake ni kushoto kwako. Kochi hilo sawa, halina mikono. Lakini mtu ana kulia kwake, popote utakapokaa."

Fundi alifungua mdomo ajibu. Alikuwa na jibu, alikuwa nalo miaka ishirini na sita.

"Mwalimu," alisema, "hebu inua mkono wa kulia."

"Nini?"

"Wa kulia. Tafadhali."

Mwalimu Mkuu akauinua, kwa mashaka, kama anayeapishwa. Fundi alikuwa amesimama mbele yake, uso kwa uso. Mkono ule ulikuwa upande wake wa kushoto. Angekuwa na daftari angeandika KSH.

Alisimama pale. Mpagazi alimuuliza kama kuna tatizo, hakumsikia. Alimwona Kitinda sakafuni, miguu huku, kichwa kule, na yeye kwenye kigoda, na kidole gumba kinaruka. Kidole kipi? Kile kinachoshika kijiko. Kile kilichoshika kisufuria. Zaidi ya mara elfu alikitazama kidole kile, na kila mara akaandika kushoto kwa sheria ya kochi.

"Nitaligeuza," alisema mwisho. "Sitakutoza."

Mwalimu Mkuu alishangaa, maana sifa ya Fundi kwa kubishana ilikuwa imefika mtaa ule. Akamuuliza kama anaumwa. Fundi alisema hapana, akatoka, akasahau kumlipa mpagazi, ikabidi mpagazi amkimbilie.

Hakumwambia mtu. Wiki tatu aliamka, akapiga pini, akala, akalala. Ungemuuliza unajisikiaje angekuambia salama, na asingekuwa anadanganya, kwa maana hakusikia lolote. Alijigonga kidole kwa nyundo akakitazama kikivimba. Kitinda alipoanguka alikaa kwenye kigoda kama kawaida, lakini safu ya UPANDE aliiacha tupu, na alipoulizwa kimeanzia wapi alisema sikuona vizuri, mama, mwanga mbaya. Upande wa pili wa karakana mkewe alikuwa anawatukana madaktari, na kila tusi Fundi alilihesabu kuwa lake, akalimeza na chai.

Siku ya kliniki ikafika. Muuguzi alimchukua Kitinda kwenda kupimwa damu, wazazi wakaingia kwa daktari. Fundi alimwona mkewe anavyofunga mkoba, anavyojiweka sawa kitini, akajua leo hamna wa kumzuia.

"Daktari, samahani, lakini nitasema," alianza Mama. "Ninyi hamna huruma. Picha ilisema kushoto. Mkasema hapana, mtoboeni. Mkamtoboa mwanangu kichwa mkakuta kushoto kule kule! Kiwanja chetu kimeenda kutafuta kitu mlichokuwa nacho mezani! Ungekuwa mwanao ungemtoboa?"

Daktari hakujitetea. Aliiweka mikono yake juu ya meza, akaitazama. Alionekana amechoka, na pengine siku hiyo alikuwa ameshatukanwa na wengine.

"Mama watoto," alisema Fundi, "nyamaza."

"Sinyamazi!"

"Siyo yeye. Ni mimi."

Akaeleza. Hakujua kueleza kwa maneno, kwa hiyo alisimama, akavuta kiti, akakaa mbele ya daktari, goti kwa goti. Akaomba daktari atikise kidole gumba cha mkono wa kulia. Kisha akamwonyesha mkewe kwamba kidole kile kiko upande wake yeye wa kushoto. Akatoa daftari la oda la karakana akaliweka mezani kando ya yale manne ya Kitinda. Yote ya kiwanda kimoja, safu zile zile, mwandiko ule ule. Kochi la mteja, KSH. Mtoto, KSH.

Feni iliyokuwa juu ilikuwa inakwaruza.

"Niliwauliza mkono upi," alisema daktari polepole. "Wote watatu mkanijibu. Sikuwaambia mnionyeshe." Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, "Sikuwaambia mnionyeshe."

"Kama ningeandika KLA?" Fundi aliuliza.

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza, daktari."

Daktari alitazama dirishani. "Picha na mkono vingekubaliana. Nisingehitaji nyaya."

"Ungepasua."

"Ningepasua."

"Na pesa ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

Mama hakupiga kelele. Fundi alijiandaa kwa kelele, kwa kofi, kwa lolote, na angeshukuru. Mama alichukua mkoba wake, akayachukua mezani madaftari yote manne ya Kitinda, akatoka. Fundi akamfuata.

Kwenye korido kulikuwa na benchi la mbao. Mama alikaa, akaweka madaftari mapajani, akafungua la kwanza.

"Lete kalamu."

Fundi akampa. Mama akakata KSH ya kwanza, akaandika KLA. Akakata ya pili.

"Acha," alisema Fundi. "Haisaidii kitu sasa."

"Yatasomwa tena haya. Siku tutakayorudi na pesa, yatasomwa. Hayatasomwa hivi." Akakata nyingine. "Na mimi nimeipiga chaki hiyo kushoto miaka yote. Siku zote kichwa chake kiko mikononi mwangu, baba watoto. Ningefumbua macho mara moja tu."

Fundi akakaa kando yake. Alitaka kumwambia siyo kosa lake, akashindwa, kwa sababu alikuwa amefurahi kusikia kwamba si lake peke yake, na furaha hiyo ilimtia aibu. Wakaendelea, yeye anafunua kurasa, mke anakata. Watu walipita na faili zao. Walikuwa wamefika mwaka wa pili Kitinda aliporudi na pamba kwenye mshipa wa mkono wa kulia, ule wa kushoto umeviringishwa ndani ya mtandio. Akakaa katikati yao.

"Mnafanya nini?"

Wakatazamana juu ya kichwa chake kilichoanza kuota nywele. Mama alimwachia Fundi. Fundi akatafuta pa kuanzia.

"Nasikia gundi inaungua," alisema Kitinda.

Mama alishamtupia Fundi kalamu na kumpokea Kitinda kichwa. Walimlaza benchini ubavu, mguu mmoja ukaning'inia. Fundi aligeuka kutafuta kigoda, akakumbuka hayuko nyumbani. Hakukuwa na pa kukaa mbele yake. Akabaki alipokuwa, kando, kifua chake mgongoni kwa mwanawe, akauchungulia mkono wa kulia wa Kitinda kupitia juu ya bega lake. Kidole gumba kikaruka. Akautazama wake mwenyewe wa upande ule ule, ulioshika kalamu. Mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili alikuwa upande mmoja naye.

"Macho yangu yako wazi," alisema Mama. "Ni wa kulia."

"Nauona," alisema Fundi.

Dakika tatu. Watu walisimama, mmoja akaanza kusema kijiko, Mama akamtazama akanyamaza. Mwili ukalegea. Pumzi zikarudi, nzito, zenye mate, na baada ya muda macho ya Kitinda yakafunguka, yakatafuta, yakampata baba yake.

"Kimeanzia wapi?"

Jibu la siku zote lilikuwa mdomoni, limeshafika kwenye meno. Fundi alilirudisha.

"Kulia, mama."

Kitinda alifikiri. Maneno bado yalimfikia kwa kuchelewa. "Leo kimebadilika?"

"Hakijabadilika. Siku zote kilikuwa kulia. Mimi niliandika kushoto kwangu, nikakuambia ni kwako." Akamfuta mate mdomoni. "Ndiyo maana walikutoboa. Ndiyo maana pesa imekwisha. Nilikosea, mwanangu."

Kitinda alifumba macho. Walidhani amelala, maana mara nyingi hulala baada ya hapo. Kisha mtandio ukatikisika. Kitinda aliutoa mkono wake wa kushoto, taratibu, akauweka juu ya paja la mama yake. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na laini kama wa mtoto, hauna kovu hata moja la kazi. Aliugeuza akautazama kiganjani, akaugeuza tena.

"Baba," alisema, "huu nimeuonea bure."

Mama aliufunika mkono ule kwa yake yote miwili. Fundi aliokota daftari lililoanguka sakafuni, akatafuta ukurasa wa leo. Aliandika tarehe. Aliandika dakika tatu. Kwenye UPANDE aliandika neno zima, kulia, kisha akaongeza, kwake. Kwenye AMEUMIA kwa kawaida siku kama hiyo angepiga mstari, kwa kuwa hakuanguka, hakuungua, hakujing'ata. Akaandika: mkono wa kushoto.